Mpigaji wa .152 Aliyestahili Dola Milioni 4

Msimu wa 2024 mdakaji Austin Hedges aliichezea Cleveland Guardians, timu ya ligi kuu ya besiboli ya Marekani (MLB), mechi 66 na kumaliza na wastani wa upigaji wa .152. Katika zamu mia moja za kupiga, alipata hiti kumi na tano tu, yaani mapigo yanayomfikisha salama kwenye bezi, vile vituo vya kukimbilia. Kwa mchezaji wa nafasi nyingine yoyote uwanjani, takwimu hiyo ni barua ya kuachishwa kazi. Hedges alikuwa amelipwa dola milioni 4 kwa mwaka huo, na msimu ulipoisha klabu ikampa mkataba mwingine wa mwaka mmoja, wa dola milioni 4 zilezile.

Cleveland walipiga hesabu sahihi. Ila sababu inayotajwa kila mara, kwamba Hedges ni “mlezi wa vijana”, husemwa kwa wepesi mno, kana kwamba kazi yake ni kutia moyo na kupiga watu mabegani. Ulezi wa mdakaji kwa mdakaji una saa zake, vifaa vyake na makosa yake. Unaweza kuukagua kama unavyokagua kazi ya fundi.

Kwa wanaoufuatilia mchezo huu kwa mbali: mdakaji ndiye anayechuchumaa nyuma ya mpigaji akiwa amevaa kinyago na kinga ya kifua. Katika wachezaji tisa wa upande wa ulinzi, ni yeye peke yake anayeutazama uwanja mzima mbele yake. Huchagua aina ya mpira, humpanga mrushaji anayesimama mita 18.44 kutoka pleti (bezi ya nyumbani iliyo mbele ya mdakaji), huzuia wizi wa bezi (mkimbiaji kukimbilia bezi inayofuata bila mpira kupigwa), na hupokea kwa mwili wake mipira inayodunda. Msimu una mechi 162 ndani ya takriban miezi sita, na magoti hayawezi kuzimaliza zote. Mdakaji mkuu huanza mechi kama 110 hadi 120, zilizobaki ni za mwenzake. Hapo ndipo anapotofautiana na kipa wa akiba wa kandanda, ambaye anaweza kukaa benchi mwaka mzima. Mdakaji wa akiba atacheza tu, apende asipende, na kila mara atampokea mrushaji ambaye hajampokea kwenye mechi kwa wiki nzima.

Hedges hakufika Cleveland kama mgeni. Aliingia kwa mara ya kwanza Agosti 2020 kutoka San Diego Padres, katika mabadilishano yaleyale yaliyomleta Josh Naylor, akakaa hadi 2022. Mwaka 2023 alianzia Pittsburgh, katikati ya msimu akahamia Texas Rangers, akatwaa ubingwa wa World Series, fainali ya ligi kuu, chini ya meneja Bruce Bochy, ambaye naye aliwahi kuwa mdakaji wa akiba. Aliporudi Cleveland, nafasi ya udakaji ilikuwa mikononi mwa Bo Naylor, mdogo wake Josh, kijana wa miaka 24 aliyeichukua Juni 2023. Meneja naye alikuwa mpya: Stephen Vogt, mdakaji aliyestaafu 2022. Kisha Aprili, baada ya kuanza mechi mbili tu, mrushaji wao namba moja Shane Bieber akalazimika kufanyiwa upasuaji wa kiwiko. Yaani meneja mpya, mdakaji mchanga, na safu ya warushaji iliyobidi ishonwe upya njiani. Hali ya namna hiyo ndiyo inayohitaji mdakaji wa pili anayejua nyumba.

Kazi yenyewe huanzia mbali na macho ya mashabiki. Mrushaji anayeanza mechi hupumzika siku nne au tano kabla ya zamu yake nyingine, na katikati ya siku hizo hurusha mipira ya mazoezi kwenye bulpeni, eneo la warushaji kujipasha moto. Mdakaji mkuu jioni hiyo ana mechi, kwa hiyo anayechuchumaa mara nyingi ni wa akiba, au mdakaji aliyeajiriwa kwa mazoezi tu. Pale ndipo mkongwe anapojua kwamba slaida (mpira unaojikunja pembeni) ya wiki hii inajikunja mapema mno kiasi kwamba mpigaji ataiona, kwamba mkono umeshuka kidogo kwa sababu ya uchovu wa bega, au kwamba kidole cha kati kina lengelenge. Takwimu za kompyuta zitasema mpira umepoteza mzunguko. Mdakaji aliyeupokea atakwambia kwa nini, na atamfikishia kijana taarifa hiyo kabla ya mechi, katika sentensi moja.

Sentensi moja, kwa sababu kazi ya pili ya mkongwe ni kupunguza. Kabla ya kila mfululizo wa mechi kuna kikao, na wachambuzi huleta kurasa kadhaa kwa kila mpigaji wa timu pinzani. Kijana hujaribu kuzibeba zote. Akifika uwanjani kichwa kimejaa, kidole kinasita juu ya kitufe cha kifaa anachotumia kumtajia mrushaji mpira. Mlezi mzuri humwachia mambo mawili kwa kila mpigaji: mpira ambao huyu bwana hapaswi kuuona kabisa akiwa na straiki mbili (straiki ni mpira anaoukosa au kuuacha upite ndani ya eneo halali, na ya tatu humtoa), na mahali anapoushambulia mpira wa kwanza. Mengine yabaki kwenye kadi iliyofungwa mkononi.

Halafu kuna mazungumzo ya benchini kati ya vipindi, na hapa ndipo walezi wengi wanapoharibu. Mlezi mbaya hukosoa matokeo: uliita slaida, ikapigwa homurani, pigo la kuvuka uzio, basi usiite slaida. Swali linalofaa ni jingine. Mpango ulikuwa nini, na mpira ulifika ulipoitwa? Kama slaida iliitwa chini nje na ikaja katikati kifuani, uamuzi ulikuwa sahihi na urushaji ndio uliokosea. Mdakaji anayefundishwa kwa matokeo huanza kuogopa mipira mizuri, na baada ya mwezi mmoja anaita mipira ya kasi ya nje tu, inayojulikana na kila mtu uwanjani.

Tuje kwenye mikono, maana huko ndiko dola milioni 4 ziliko.

Mpira ulio pembezoni mwa eneo la straiki unaweza kuitwa straiki au boli (mpira wa nje ya eneo) kulingana na namna ulivyopokelewa. Kwa mpira wa chini, glavu huanzia karibu na ardhi, hupanda ikikutana na mpira, na husimama palepale kwenye ukingo wa eneo. Kosa la kwanza la vijana ni kuweka glavu juu mahali pa shabaha na kuusubiri mpira, kisha kuushukia. Uzito wa mpira unaimalizia glavu chini, na mwamuzi anaona boli. Kosa la pili ni kuudaka vizuri kisha kuuburuta kwenda katikati. Mwendo wa baada ya kudaka humwambia mwamuzi kwamba hata mdakaji mwenyewe haamini kuwa ni straiki. Ndiyo maana wadakaji wengi sasa huweka goti moja chini hata kukiwa na wakimbiaji: nyonga zinashuka, glavu inaanzia chini bila mgongo kupinda, na kichwa hakitikisiki.

Statcast, mfumo wa ligi wa kupima kila mpira, hukadiria kila straiki ya ziada ya namna hiyo kuwa na thamani ya mikimbio 0.125 (mkimbio ni pointi moja). Tuiweke pembeni ya ule wastani wa .152. Mdakaji wa kawaida akipiga .240 katika zamu 130, atampita mpigaji wa .152 kwa hiti 11 hivi. Tofauti kati ya hiti ya bezi moja na auti (mpigaji kutolewa) ni takriban robo tatu ya mkimbio, kwa hiyo hiti hizo 11 ni kama mikimbio 8. Ukigawanya 8 kwa 0.125 unapata straiki 64. Ndani ya mechi 66, hiyo ni pungufu ya straiki moja kwa mechi. Hesabu hii haijagusa nguvu ya upigaji wala matembezi ya bure (boli nne humpeleka mpigaji bezi ya kwanza), na Hedges ni dhaifu huko pia, lakini inaonyesha ukubwa halisi wa deni ambalo glavu inatakiwa kulilipa. Ni deni linalolipika, na hapo bado hatujagusa kuziba mipira wala kurusha.

Kuziba ni somo linaloumiza. Mkimbiaji yuko bezi ya tatu, mrushaji anataka slaida ya kudunda chini ili mpigaji aikose. Akimwamini mdakaji, ataitupa kwa nguvu zote. Asipomwamini, ataiinua sentimita kumi, na hiyo ndiyo inayopigwa. Hatua zenyewe si nyingi. Glavu inashuka kwanza na kufunga uwazi kati ya miguu, magoti yanaifuata, mabega yanakunjwa mbele ili kifua kiwe kama bakuli, kidevu kinabanwa kifuani. Lengo ni mpira ufie mbele kwenye udongo, si kuudaka. Anayejaribu kuudaka huinua glavu, na mpira hupita chini yake. Anayegeuza uso hugeuza na bega, na mpira unaruka pembeni kuelekea benchi la timu. Kugeuza uso ni silika ya kila binadamu, na hakuna anayeizoea kwa kuelezwa. Inazoeleka kwa kurudia, na ni vizuri anayerudia nawe awe mtu ambaye shingo yake imeshapigwa mara elfu na bado anafunga kidevu.

Kurusha kwenda bezi ya pili kuna mipaka yake, na hapa mkongwe hawezi kumpa kijana asichonacho. Umbali ni mita 38.8. Mrushaji mwenye haraka hutumia sekunde 1.3 mpaka mpira ufike kwenye glavu, na mdakaji wa kawaida wa ligi kuu hutumia kama sekunde 2.0 tangu audake mpaka ufike bezi. Anayetumia 1.9 ni hodari kweli. Kwa mdakaji wa kawaida, jumla ni 3.3. Mkimbiaji mwenye kasi ya kawaida hukata karibu sentimita 80 kwa kila sehemu ya kumi ya sekunde, kwa hiyo mdakaji anayeingiza mkono ndani ya glavu kuutafuta mpira, badala ya kuukutanisha mkono na glavu karibu na bega la kulia, ameshamzawadia mwizi karibu mita nzima. Tangu 2023 ligi imezidisha ugumu: bezi zimepanuliwa kutoka inchi 15 hadi 18, na mrushaji anaruhusiwa kuondoka kwenye bamba la kurushia mara mbili tu kwa kila mpigaji. Akijaribu ya tatu bila kumnasa mkimbiaji, mkimbiaji anasogea bure. Bezi zilizoibwa zilipanda kutoka 2,486 mwaka 2022 hadi 3,503 mwaka 2023. Tangu hapo, mlezi mzuri hatumii muda mwingi kwenye nguvu za mkono. Humfundisha kijana kumsimamia mrushaji: shikilia mpira sekunde moja zaidi safari hii, safari ijayo rusha mapema, hesabu mara zilizobaki, usimpe mkimbiaji mdundo wa kuucheza.

Nayo saa inawakimbiza wote. Mrushaji ana sekunde 15 bezi zikiwa tupu, na tangu 2024 ana 18 kukiwa na mkimbiaji. Mdakaji anatakiwa awe mahali pake saa ikisoma 9, na mpigaji awe tayari ikisoma 8. Mdakaji hubonyeza kifaa cha mawasiliano, na sauti ndani ya kofia ya mrushaji inataja mpira na mahali. Kosa la kijana linaonekana wazi ukilitazama: anabonyeza, anafuta, anabonyeza tena. Mrushaji anapata wito saa ikisoma 4, anaharakisha, na mpira wa kujikunja unabaki ukining'inia juu. Dawa ni kuwa na majibu mawili kabla mpira haujarushwa: ukiwa straiki, unaofuata ni huu, ukiwa boli, unaofuata ni ule. Jambo rahisi kulisema. Kulifanya mara 140 kwa usiku mmoja, huku goti linauma, ni kazi ya kufundishwa.

Cleveland wenyewe wana kumbukumbu chungu ya kile mdakaji wa akiba anachoweza kuleta. Tarehe 2 Novemba 2016, mechi ya saba ya World Series, Chicago Cubs walitumia wadakaji watatu usiku mmoja. Alianza Willson Contreras, kijana aliyepanda ligi kuu Juni mwaka huohuo. Katika kipindi cha tano Cubs wakiongoza 5-1, aliingia mrushaji Jon Lester, na pamoja naye David Ross, mwenye miaka 39, aliyekuwa mdakaji wake maalumu. Lester alikuwa na tatizo la kurusha kwenda bezi ya kwanza, na Ross alikuwa ameyapanga maisha yake kulizunguka tatizo hilo, akiwatisha wakimbiaji kwa mkono wake mwenyewe kutoka nyuma ya pleti.

Wazee wetu walisema penye wazee haliharibiki neno. Usiku ule liliharibika papo hapo. Ross alirusha vibaya kwenda bezi ya kwanza, na wakimbiaji wakasogea hadi ya pili na ya tatu. Kisha mpira wa Lester ukadunda, ukagonga kinyago cha Ross, ukaviringika mbali, na wakimbiaji wote wawili wakafunga. Ikawa 5-3. Kipindi kilichofuata Ross alimpiga Andrew Miller homurani. Cubs walishinda 8-7 katika kipindi cha kumi, na mkimbio wa nane uliletwa na mdakaji wa tatu, Miguel Montero.

Kila mtu anaikumbuka homurani. Mimi naona kilichotokea baina ya makosa mawili na homurani ndicho cha thamani zaidi. Lester alibaki uwanjani hadi kipindi cha nane, akiitiwa mipira na mtu yuleyule aliyekuwa ametoka kuangusha mikimbio miwili, na hakuacha kurusha mipira ya chini. Imani ya namna hiyo hujengwa miaka mingi, na wawili hao walikuwa wakiijenga tangu wakiwa Boston. Contreras aliyatazama hayo yote akiwa benchini.

Ila hoja ya ulezi ina udhaifu wake. Bo Naylor, aliyepiga .237 katika mechi 67 za 2023, alishuka hadi .201 mwaka 2024, Hedges akiwa kando yake kila siku. Mkongwe asiyejua kupiga hawezi kufundisha kupiga, na inawezekana kabisa kijana anayetumia saa nyingi kwenye mipango ya warushaji anapunguza saa za kwenye kizimba cha kupigia. Upande wa pili wa daftari, warushaji wa akiba wa Cleveland mwaka huo waliruhusu wastani wa mikimbio 2.57 kwa kila vipindi tisa, bora kuliko timu zote 30, na klabu ikafika fainali ya American League, moja ya ligi mbili zinazounda MLB, kabla ya kutolewa na Yankees. Siwezi kumkabidhi Hedges sifa hiyo yote, wala isingekuwa haki kwa warushaji wenyewe. Ninachodai ni kidogo zaidi: timu iliyoijenga nguvu yake juu ya warushaji ilikuwa na kila sababu ya kumlipa mdakaji wa pili kwa glavu na kichwa.

Hatari kubwa ni meneja kumpenda mkongwe kupita kiasi. Mechi 66 zinastahimilika. Zikifika 90, deni la glavu linakua, na mbaya zaidi, kijana anajifunza kwamba usiku mgumu si wake. Mlezi anapaswa kupumzishwa hasa katika mechi ambazo kila mtu angetamani acheze.

Kisha kuna sheria mpya ya kupinga maamuzi ya boli na straiki, iliyoidhinishwa kuanza msimu wa 2026. Kila timu inaanza mechi na nafasi mbili za kupinga, na ikishinda haipotezi nafasi. Wanaoruhusiwa ni mpigaji, mrushaji na mdakaji tu, kwa kugonga kofia papo hapo bila msaada wa benchi. Kamera hupima eneo lenye upana wa inchi 17, juu asilimia 53.5 ya urefu wa mpigaji na chini asilimia 27. Kwa mtu wa sentimita 188, hiyo ni takriban kutoka sentimita 51 hadi 101.

Wengi wamesema sheria hii inamuua mdakaji wa aina ya Hedges. Nawapinga. Kwa nafasi mbili tu, mipira mingi ya ukingoni bado itabaki mikononi mwa mwamuzi, na glavu itaendelea kula. Kinachoongezeka ni ujuzi mwingine: kujua kwa hakika mpira ulipita wapi, na kujua wakati wa kunyamaza. Katika majaribio ya kabla ya msimu 2025 wadakaji walishinda asilimia 56 ya mapingamizi yao, wapigaji 50, warushaji 41. Mrushaji anauona mpira kwa matamanio yake, mdakaji anauona kutoka sentimita chache. Kijana atataka kugonga kofia kipindi cha pili, boli moja, bezi tupu, kwa sababu ana hakika. Mkongwe atamshika mkono: hakika hiyo itunze kwa kipindi cha nane, boli tatu straiki mbili, wakimbiaji wawili.

Mengi ya haya hayahitaji dola milioni. Uganda, nchi iliyopeleka vijana wa Lugazi kwenye Little League World Series, mashindano ya dunia ya watoto, mwaka 2012, imemtoa Dennis Kasumba, mdakaji aliyejulikana kwa video za mazoezi yake na matairi, na ambaye 2023 alifika Frederick Keys katika MLB Draft League, ligi ya vijana wanaosaka kusajiliwa na timu za MLB. Kocha wa shule ya Kampala au Dar es Salaam mwenye wadakaji wawili anaweza kuanza jioni hii. Mkubwa asimame mita tano akiwa na mipira 20 ya tenisi. Mdogo avae kinyago, apige magoti, mikono aifunge nyuma ya mgongo. Mkubwa adundishe mipira mmoja mmoja mbele yake, kushoto, katikati, kulia, na mdogo aizibe kwa kifua peke yake, kidevu kikiwa kimebanwa. Ule unaofia ndani ya mita moja mbele yake uhesabiwe. Wakimaliza 20, wabadilishane, na safari hii mdogo ndiye atakayesema mwenzake amegeuza uso mara ngapi.